Kusikika na Kusikia

"Ngano, jamani!"
"Ije tuisikie!"
"Nikiitua?"
"Tutaibeba!"

Hapo kale palikuwa na Pimbi, ambaye wengine humwita pelele, mnyama mdogo wa majabali, wala si panya. Kazi yake ilikuwa kulinda. Akimwona Chui anavuka mto, alilia juu ya mwamba, kwii! kwii! na msitu mzima ukakimbilia mashimoni. Wakati huo alikuwa na mimba, na macho yake hayakutoka mtoni.

Siku moja akaja Buibui kutoka ng'ambo, mdogo kama punje ya mtama. Akamwendea Nyati, mkuu wa msitu, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisiloshiba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Uzi. Nitautandaza msitu mzima. Mtu atavuta, ti-ti-ti, na mwenzake atamjibu. Na juu, penye mawingu, nitatundika tone la umande. Ukilitazama, utaona kila penye majani mabichi."

Nyati akameza mate. "Kila penye majani?"

"Na kila penye shimo, Mzee, ila wewe shimo la nini?"

"Na masharti?"

"Madogo tu. Ninyi mtasikika, mimi nitasikia."

"Kwani si kitu kilekile?" Nyati akacheka.

Pimbi akashuka mbio. "Mzee, kusikika si kusikia! Na huyu anatoka upande wa Chui."

"Nyamaza, mtoto wa jiwe! Wivu huo. Kelele zako za kishamba basi. Ukimwona Chui, vuta uzi kama wenzako."

Buibui akasuka. Akasuka, akasuka, akatundika na tone. Nyati akatazama, akala. Akatazama, akala. Wanyama wakavuta, ti-ti-ti, wakacheka. Pimbi akajifungua watoto wawili, wakakua uzi ukiwa mlangoni. Kwii ya mama yao hawakupata kuisikia.

Asubuhi moja Chui akavuka. Pimbi akavuta uzi, ti-ti-ti. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akautupa, akapanda mwambani akalia, kwii! kwii!

Watoto wakatoka nje kutazama. "Mama analia nini?"

Chui alikwisha fika mlangoni. Lile shimo, tone lilikuwa limekwisha mwonyesha tangu siku nyingi. Hap! Hap!

Kisha akamwendea Nyati. Nyati akavuta uzi karibu aukate. "Buibui! Chui huyu hapa! Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, Mzee," Buibui akajibu. "Ndivyo tulivyopatana."

Pimbi bado yuko mwambani. Analia, na hakuna anayekimbia.

Basi, wanangu, fundisho ni hili: tusipige kelele ovyo, na mgeni akiomba kusikia, tumpe nafasi, maana wenye masikio mazuri ni wachache. Ngano yangu naitua.

"Nasi tumeisikia!"

"Semeni polepole. Uzi ule ungalipo; hamkuisikia peke yenu."