Firigisi ya Pasaka

Hapo zamani, usiku, jogoo aliwika. Mara moja tu: kokorikooo! Kisha kimya.

Msidhani ni zamani za majini. Ni zamani za juzi, watu walipokwisha kuwa na simu, ila mtandao ulipatikana juu ya mparachichi peke yake. Na usiku huo ulikuwa wa kuamkia Pasaka.

Mwinjilisti Ndekirwa akafumbua macho gizani. Ijumaa Kuu alikuwa amehubiri habari za Petro aliyemkana Yesu kabla jogoo hajawika, akapiga meza, akalia machozi. Sasa jogoo wake mwenyewe anawika kabla ya saa, tena chini ya dirisha lake. Alihisi ametajwa. Akataka kumwamsha mkewe.

"Mama..." akaanza.

Jina likapanda, likafika kooni, likakaa.

"Mama..." akajaribu tena.

Jina likapanda, likafika kooni, likakaa.

"Mama Nanihii!" akanong'ona.

"Sijazaa Nanihii," mkewe akajibu kutoka chini ya blanketi. "Siku nikizaa Nanihii nitaitika. Lala."

Ilikuwaje mtu mzima ashindwe kumwita mkewe? Sogeeni.

Mwinjilisti na mkewe walikuwa na mtoto mmoja, binti. Walikaa mlimani, penye migomba na kahawa na kanisa la bati jekundu. Binti alibatizwa katika kanisa hilo, akaimba kwaya ya watoto humo, akapata kipaimara humo. Kila Krismasi alikuwa malaika, kwa sababu alikuwa na sauti, na kwa sababu shuka la kwao lilikuwa jeupe kuliko mashuka yote ya kijiji. Jina alilopewa na baba yake, kwa lugha ya kwao, lilikuwa la kumshukuru Mungu. Jina tamu. Mimi pia sitalitaja. Nyumba ile ilikatazwa kulitaja, na msimulizi ni mgeni tu katika nyumba za watu.

Binti akakua, akasoma, akapata kazi ya kupima ardhi huko mbali, mikoa ambayo ukipanda basi leo unalala njiani. Krismasi iliyopita akarudi nyumbani. Pilau ikaletwa. Baba akasema, "Mwanangu, tuombee chakula."

Binti akatazama pilau, akamtazama baba. "Baba, nisamehe. Siwezi tena. Siamini kama kuna anayesikia. Lakini mama, asante, pilau inanukia mpaka barabarani."

Kijiko cha Mwinjilisti kikaanguka. Alichosema baada ya hapo alikisema kwa hasira, na hasira ikageuka kiapo kabla hajaiwahi:

"Jina lako linamshukuru Mungu, na wewe humtaki. Basi sitalitaja, na halitatajwa chini ya bati hili, mpaka nimjue aliyekupoteza!"

Tangu hapo binti akawa Huyo. "Huyo amekula?" baba anamuuliza mama, na binti ameketi hapohapo. "Mwambie huyu kwamba huyo ameshiba," binti anajibu.

Lakini kiapo kilimrudi mwenyewe. Maana mkewe aliitwa mama wa nani? Wa binti huyohuyo. Na yeye aliitwa baba wa nani? Wa binti huyohuyo. Siku ngazi ilipomponyoka akabaki ananing'inia kwenye mparachichi, simu mkononi, aliita "Mama Nanihii! Mama Nanihii!" mpaka sauti ikakauka. Mkewe aliendelea kuchambua mchicha, akisikia vizuri kabisa. Mwinjilisti akashuka mwenyewe, kwa kuanguka.

Basi Pasaka ikafika, na binti akaja tena. Jumamosi jioni akasimama mlangoni mwa sebule, akasema polepole, bila ukali:

"Krismasi nimeitwa Huyo. Pasaka naitwa Huyo. Kesho saa tisa pikipiki inakuja kunichukua. Huyo ataondoka, na Huyo hatarudi. Siku jina langu likiitwa, mwenye jina atakuja."

Baba akaangalia ukuta. Ukuta haukuwa na la kumsaidia.

Ndiyo sababu hakuwa amelala vizuri. Ndiyo sababu jogoo alimshtua. Na ndiyo sababu, kulipopambazuka, aliamua mambo mawili: jogoo achinjwe, na mkosaji apatikane kabla ya saa tisa.

Kwa desturi ya kanisa lao, asiye na fedha hutoa sadaka ya alichonacho: mayai, mkungu wa ndizi, kuku. Ibada ikiisha, vitu hunadiwa uani, na mnadi alikuwa Mwinjilisti mwenyewe. Siku hiyo alinadi mayai, akanadi ndizi, akanadi boga lililofanana na mwenyekiti wa kijiji. Kisha akapanda juu ya benchi.

"Wapendwa, aliyempoteza binti yangu ajitokeze. Sitamlaumu. Nitamsamehe mbele ya watu."

Mtu mmoja akakohoa, akajuta kukohoa.

"Na nitampa firigisi ya jogoo wangu."

Loo! Watu wakageuziana shingo. Huko mlimani firigisi haitolewi ovyo. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye baba mwenye nyumba anamwogopa.

Saa ya chakula ikafika. Jogoo akawa mezani, mwekundu kwa nyanya, na firigisi imewekwa peke yake katika kisahani, inang'aa. Aliyeingia kwanza alikuwa Mchungaji Kowero, na Biblia yake. Aliyeingia pili alikuwa Mzee Lyatuu, mzee wa kanisa, na kijiti chake cha meno, tayari.

Mchungaji akaanza.

"Mwinjilisti, mkosaji ni mimi. Binti yako alikuwa mdogo, darasa la Jumapili. Nikafundisha safina: wanyama wawili wawili. Akanyoosha mkono. 'Mchungaji, na funza walikuwamo?' Nikasema ndiyo, wawili. Akauliza, 'Walikaa mguu wa nani?'"

Mzee Lyatuu akacheka, akajidai anakohoa.

"Nikamwambia, 'Mguu wako, usipokaa kimya!' Darasa zima likamcheka. Tangu siku ile hakuuliza tena. Mtoto aliyekatazwa kuuliza atabaki na imani ya nini? Mimi ndiye niliyeufunga mlango. Basi firigisi ni yangu."

Akanyoosha uma.

"Ngoja, Mchungaji!" Mzee Lyatuu akaudaka ule mkono. "Kosa lako ni dogo, ni la mdomo kutoa. Langu ni la mdomo kuingiza. Mwinjilisti, unamkumbuka tetea wake, yule wa madoadoa?"

Mwinjilisti alimkumbuka. Binti alimlea kuku yule tangu kifaranga, akimbeba kwapani kama mkoba.

"Alimtoa sadaka. Alisema anampa Mungu. Wewe ukamnadi, mimi nikanunua, tena kwa bei ya yai, kwa sababu niliwakazia watu macho. Jumanne mtoto akapita kwangu, akaona manyoya ya madoadoa uani. Akaniuliza, 'Babu, kuku wa Mungu yuko wapi?' Nami nina mchuzi kidevuni."

"Ukamjibu nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Nikamwambia Mungu amemla kwa kinywa changu."

"Hee!"

"Mtoto akanitazama kidevu, akaondoka. Hivyo nani amempoteza? Mwenye kusema ovyo, au mwenye kula ovyo? Firigisi ni yangu."

"Imani haipotei kwa mchuzi!" Mchungaji akafoka.

"Na kwa funza je?"

"Hebu wewe na kijiti chako, tulia!"

"Na kama ni kuhesabu," Mzee Lyatuu akaendelea, sasa amepamba moto, "hata mwenye nyumba asijifiche nyuma ya sahani. Ng'ombe wako alipojaa gesi, nani alikesha zizini akiombea?"

Mwinjilisti akaisogeza sahani kando. Alikuwa amekesha yeye, na mtoto amemshikia taa. Asubuhi bwana mifugo akaja na mpira wake wa kutolea gesi, akaupenyeza kooni mwa ng'ombe, fyuuuuu! Ng'ombe akasimama. Naye Mwinjilisti akainua mikono, akashukuru mbingu kwa sauti kubwa, wala hakumpa bwana mifugo hata kikombe cha chai. Ni mtoto aliyemkimbiza mtu yule barabarani, akampa ndizi ya kuchoma.

Alikuwa ameisahau ndizi ile. Sasa aliiona, na mkono mdogo ulioishika.

Mama akatoka jikoni, anajifuta mikono kwa kanga.

"Mmebishana vya kutosha. Aliyempoteza ni mimi. Nilimfundisha asiseme uongo. Alipovunja kikombe na kusingizia paka, nilimwambia: kilicho moyoni ndicho kiwe mdomoni. Haya, tangu lini watu wote mle kanisani wanaamini? Nusu wanatikisa midomo wakiwaza maharage. Huyu mtoto wangu naye angeweza kutikisa midomo Krismasi ile, tukala pilau yetu kwa amani. Hakuweza. Nilimwondolea uwezo huo mwenyewe. Basi firigisi ni yangu."

"Mama Nanihii," Mzee Lyatuu akasema kwa upole, "mwanamke na firigisi wapi na wapi?"

"Usiniite Nanihii. Na miaka yote hii nimekuwa nikionja chumvi kwa kitu gani?"

Mwinjilisti akakumbuka firigisi zote za maisha yake, na jinsi zilivyokuwa ndogo.

Hapo binti akaingia, begi begani.

"Mmemaliza? Mchungaji, siku ile ya funza walikaripiwa wengi. Wengine leo ni wainjilisti. Mzee, kuku wa watu wengi umewala, na wenyewe bado wanaimba soprano. Baba aliniombea ng'ombe kwa sababu alimpenda ng'ombe, na alinipenda mimi, hilo nililiona kwa taa niliyoshika. Mama amenifundisha ukweli, na mama anaamini kwa ukweli uleule. Kila mmoja wenu anavuta kichwa changu kama cha kuku wa mnadani! Nilikaa porini na chombo cha kupimia, nikajitafuta ndani, nikasikiliza muda mrefu, nikakuta kimya. Sikuibiwa. Sikupotea. Kazi yangu ni kujua mahali nilipo, na napajua. Nilifikiri mwenyewe. Kwa hiyo kama ni firigisi, ni yangu."

Baba akafungua mdomo. Jina likapanda, likafika kooni, likakaa. Kiapo kilitaka mkosaji mmoja, na pale mezani walikuwa wamejaa kama nzi.

Piii! Pikipiki ikalia nje.

Binti akamkumbatia mama. Akasimama mbele ya baba kidogo, akangoja, kama mtu anavyongoja mvua ambayo hana hakika nayo. Kisha akatoka.

Mwinjilisti akachukua kisahani cha firigisi, akamfuata mbio, kandambili moja imebaki chini ya meza.

"Huyo!" akaita. Barabara ilikuwa imejaa watu wa Pasaka. Wote wakageuka, kila mmoja akidhani ni yeye.

"Nanihii!" akaita. Mbuzi akageuka.

Binti hakugeuka. Alikuwa anapanda pikipiki, anaweka begi mapajani.

Nanyi mnaosikiliza, msimuache mzee wa watu peke yake barabarani. Kiapo chake kinasema asilitaje jina mpaka amjue mkosaji, na firigisi inapoa. Je, nani aliistahili? Mchungaji aliyezima swali? Mzee aliyemla kuku wa Mungu? Baba aliyeinyima chai mikono iliyomponya ng'ombe? Mama aliyefundisha ukweli ukamzidi? Au binti, anayesema hakuna kilichoibwa?

Jibuni upesi, maana pikipiki imewaka, dereva amekanyaga gia, na Mwinjilisti amesimama katikati ya njia na kandambili moja, kisahani juu, shingo imemvimba. Jina linapanda, linafika kooni, na safari hii halikai:

"Aikaeli!"