Samadi Iliyoshikwa na Homa

Hapo zamani za kale, Nguchiro alipokuwa bado anafuga kuku badala ya kuwaiba (acheni kucheka, wanangu!), alizoa samadi na maranda ya bandani, akairundika yote nyuma ya nyumba. Bustani yake ya sukuma wiki ilikuwa imechoka, majani yamekuwa ya njano, na watoto wake hawakuwa na mboga nyingine.

Mara, tifu, tifu, tifu! Kiboko huyo anakuja.

"Lo! Harufu gani hii!" akasema, pua juu. "Samadi inayonuka hivi ndiyo yenye nguvu. Naichukua yote, nikaimwage kwenye mahindi yangu leo hii!"

Nguchiro akawaza haraka. Angelizuiaje jitu lile? Akavaa uso wa huzuni.

"Chukua, mjomba. Ila inaumwa. Ina homa kali. Ukiitia shambani hivi ilivyo, itaunguza mizizi yote."

"Samadi iumwe? Una wazimu wewe!"

"Haya, tia mguu ndani ya rundo."

Kiboko akatia. "Yalaa! Inachoma!" Mvuke ukatoka, fuuu!

"Umeona? Inataka muuguzi mwenye misuli. Aigeuze kila siku ya tatu, ainyunyizie maji kidogo, aifunike majani ya mgomba mvua isioshe nguvu yake. Mimi na udogo huu, nitaweza wapi?"

"Mimi naweza!" Kiboko akajigamba.

Basi jitu likageuza rundo wiki nane nzima, jasho chururu! Nguchiro yuko barazani na uji wake. "Pole na kazi, mjomba!"

Homa ikashuka. Samadi ikapoa, ikawa nyeusi, laini, yanukia udongo tu. Kiboko akainusa, akanusa tena.

"Mbona hainuki?"

Nguchiro akaangua kilio. "Uwiii! Mgonjwa wetu amekufa, mjomba! Wa baridi kabisa! Na wewe ndiye uliyemuuguza, kwa hiyo mazishi ni yako, na waombolezaji utawalisha siku tatu..."

"Mimi? Thubutu! Mzike mwenyewe!"

"Nimzike wapi, mjomba?"

"Popote! Mimi simo!" Kiboko akatimua mbio hadi mtoni, chubwi!

Nguchiro akafuta machozi ambayo hayakuwepo. Akamzika marehemu taratibu, konzi moja moja, kwenye kila shina la sukuma wiki. Mwezi haukuisha, watoto wake walikuwa wanakula mboga mpaka wanasaza.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayepima kitu kwa harufu yake tu, jasho litakuwa lake na chakula kitakuwa cha mwingine.