Chura wa Chini ya Gogo

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila hawakufafanua kama mwenye suruali iliyonyooshwa naye anahusika. Askari mmoja wa hifadhi aliamini hahusiki. Wenzake walimwita Bwana Pasi, maana mistari ya suruali yake ingeweza kukata nyanya.

Msitu aliolinda ulikuwa mdogo, wenye ukungu uliokawia miongoni mwa miti mpaka jua la utosini. Humo aliishi chura mdogo kama ukucha, asiyepatikana kwingineko. Kila asubuhi alisikika akilia, kama kijiko kinachogonga glasi kwa mbali. Lakini ilipita misimu bila mtu kumwona, na sasa kamati ya kukagua hifadhi ilikuwa njiani. Asipoonekana, msitu ungeondolewa kwenye hifadhi, na misumeno ingeingia.

"Umemtafuta?" mkewe alimwuliza akimmiminia chai.

"Nimetembea njia zote."

"Sikuuliza kutembea, Baba Watoto."

"Anakaa chini ya magogo. Na sheria unaijua: hakuna kupindua gogo wala kuokota kitu."

"Basi lala chini. Sabuni ipo, utafua mwenyewe."

Kamati ilifika. Mwenyekiti, aliyevaa shati jeupe, alisikiliza mlio wa chura kidogo akatabasamu. "Sauti hata redio inayo," alisema.

Bwana Pasi aliitazama miti yake. Aliupenda msitu ule kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Akavua kofia, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi matopeni kando ya gogo, shavu juu ya majani mabichi.

Chini kule kulikuwa na dunia nyingine. Mwanga ulikuwa wa kijani, mizizi imejipanga kama vyumba vya nyumba tulivu, na matone yalining'inia bila haraka ya kudondoka. Alisahau kamati, akasahau hata sare. Ndipo akamwona chura, wa rangi ya asali, koo likipanda na kushuka. Machozi yakamlengalenga.

"Nimemwona," alinong'ona.

"Mlete tumwone."

"Haletwi, mheshimiwa. Anafuatwa."

Mwenyekiti alilitazama shati lake, akayatazama matope, akashusha pumzi. Kisha naye akalala. Alikaa huko muda mrefu, na aliposimama, jani likiwa limemganda shavuni, aliwaambia wenzake, "Yupo."

Misumeno haikuja. Jioni ile mkewe Bwana Pasi alimwona mlangoni, tope toka kola hadi magotini, akamkabidhi sabuni. Bwana Pasi akacheka, akainamia beseni. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.