Askari Aliyetakiwa Kuapa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki alikuwapo askari wa shurta, yaani walinzi wa soko, akiitwa Ghiyathi bin Hamdani. Alikuwa mcha Mungu, ila mkono wake ulikuwa mwepesi: hupiga kwanza, akauliza baadaye.

Adhuhuri moja alimwona mtu akikimbia sokoni. Akamdhania mwizi, akamshushia rungu, na mkono wa yule maskini ukavunjika. Kumbe ni Nuaimu, mfuma magunia, aliyekuwa akiwahi takbira ya imamu. Kukimbilia swala hatukuamrishwa, lakini kuvunjwa mkono kwa ajili yake ni dhuluma iliyo wazi.

Nuaimu akashtaki. Ghiyathi akaingiwa na hofu, akadai kwamba mtu yule alianguka mwenyewe. Shahidi hakupatikana, maana soko zima lilikuwa limesujudu msikitini. Kwa hukumu ya sharia, mdai akikosa shahidi, mwenye kukana huapa, na kesi ikaisha. Kadhi akampa Ghiyathi muda hadi baada ya swala ya Ijumaa.

Ewe ndugu, muda ule ulikuwa adhabu. Chakula hakikumpita kooni. Akiketi huinuka, akiinuka hajui aendako. Akiingia kwenye swala hukosea rakaa, akarudia, akakosea tena. Wenzake walimcheka, wakamwambia aape tu, kwani ni maneno mawili. Mkewe, Sabiha, alimkumbusha kwamba akiachishwa kazi watoto watalala na njaa. Naye alilijua hilo, na ndilo lililomtesa.

Siku ilipofika, kadhi alisema kwa upole, "Mwenzako hana shahidi. Apa kwa Mola wako, uende zako."

Ghiyathi akafumbua kinywa aape. Alimtazama Nuaimu, ambaye hakumkodolea macho wala kumlaani, bali alikuwa ameinama akiushikilia mkono wake uliofungwa bandeji.

"Ewe kadhi," akasema, "shahidi wake ni mimi. Nilimpiga, kisha nikasema uongo."

Hukumu ya dhuluma na uongo ikapita juu yake. Nuaimu alilia, akasema amemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hataki kisasi wala fidia. Askari wakafurahi. Mkuu wao akaomba Ghiyathi abakishwe zamuni, kwa kuwa mwenye haki ameridhika. Ghiyathi naye akatumaini.

Kadhi akatikisa kichwa. "Nuaimu amesamehe mkono wake, na mkono ni wake. Rungu si lake, ni amana ya watu wote. Aliyehukumiwa kwa kuwadhulumu na kuwadanganya hawezi kulibeba tena."

Iliuma, wala tusiseme haikuuma. Ghiyathi aliufungua mshipi wa kazi mbele ya vijana aliokuwa akiwaamuru, akaliweka rungu chini na kutoka.

Nyumbani Sabiha alimsoma usoni, akaketi chini. Ghiyathi akamweleza yote, bila kujitetea. Kisha akamwomba chakula, akala mpaka akashiba.

Ndugu yangu, toba haikumrudishia kazi, na hakuna aliyemwahidi hilo. Bali alijishuhudia kwa ulimi wake angali hai. Mola atujaalie nasi tukiri hapa duniani, kabla ya Siku ambayo midomo itafungwa na mikono ndiyo itakayosema.