Kaseti Thelathini na Moja za Mzee Mbaruku

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani nyingine ni ya juzi tu, palikuwa na nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwantumu. Mumewe, Mzee Mbaruku, alikuwa dereva Maskati kwa miaka kumi na moja, enzi ambazo kupiga simu ya Uarabuni ilikuwa shughuli ya kupanga foleni posta. Basi yeye hakupiga simu. Alirekodi kaseti, akampa msafiri, msafiri akaileta.

Nyie wa siku hizi hamjui kaseti ilivyokuwa ikipokewa. Ikifika, mkeka unatandikwa, redio inawekwa juu ya kigoda, na mlango wa mbele unaachwa wazi. Lazima uachwe wazi, kwa sababu ndani ya kaseti mna salamu za mtaa mzima: za muuza mkaa, za mwalimu wa madrasa, za Bi Nyange fundi cherehani. Ukifunga mlango, umemnyima mtu salamu yake. Mzee alianza kila kaseti kwa kuuliza, "Mlango mmefungua?" Nasi tukamjibu kwa pamoja kana kwamba yuko chumba cha pili. Nilikuwepo mimi, nilijibu. Nakumbuka feni ikivuma nyuma ya sauti yake, na kile kikohozi chake kifupi kabla ya kumtaja mtu. Alasiri zile nikizikumbuka moyo unaniuma, na sioni haya kusema.

Kaseti zilifika thelathini, zote za watu wote. Ya thelathini na moja ikaanza vingine. Mzee alisema, "Hii ni ya mke wangu peke yake. Fungeni mlango." Tukatoka, mlango ukafungwa, na kilichosemwa humo hakuna akijuaye ila Bi Mwantumu.

Miaka ikapita. Mzee akarudi, akazeeka, akafariki. Kibwana, mtoto wao mkubwa, akaona utepe wa kaseti umeanza kuota ukungu. Akakaa nazo miezi minne, akizicheza moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta. Nyingi zilicheza mara ile moja tu, zikakatika. Ile ya thelathini na moja aliiacha ijirekodi yenyewe, naye akakaa nje; aliporudi nayo ilikuwa imekatika. Kisha akaziweka zote kwenye diski ndogo, akaichomeka nyuma ya kisanduku cha Wi-Fi pale nyumbani, ili mama azisikilize kwa simu bila taabu. Wi-Fi akaifunga kwa neno la siri la herufi kumi na sita, akasema asipewe mtu. Diski yenyewe hakuifunga, kwa kuwa mama angesumbuka kuandika. Nakala nyingine hakuweka popote.

Ikawa kila Ijumaa baada ya alasiri Bi Mwantumu anafunga mlango wa chumba chake, anaisikiliza ile moja.

Ikaja hitima ya Mzee. Wageni wakajaa mpaka uani, na mgeni wa siku hizi akishapewa maji anaomba Wi-Fi. Sauda, binti wa nyumba, hakulijua lile neno kwa kichwa, lakini simu yake ilikuwa imelihifadhi. Nanyi mnajua simu hizi, ukizibonyeza vizuri zinatoa mraba wa madoadoa meusi, mwenzio akiulenga kwa kamera yake naye keshaingia. Sauda akamuuliza mama. Mama akasema katika nyumba ya Mbaruku mgeni hafungiwi mlango. Basi akamwonyesha wa kwanza, akamwonyesha wa pili, akamwonyesha wa tatu, akachoka, akautuma mraba kwenye kundi la WhatsApp la hitima. Kundi lina watu mia na arobaini! Hitima ikaisha, masufuria yakarudishwa, neno la siri likabaki lile lile.

Miongoni mwa walioulenga ule mraba alikuwa Chausiku, binti wa marehemu Bi Nyange, aliyepanga chumba cha mbele na kushona hapo hapo. Siku moja akitafuta taarabu ya kushonea, akaikuta diski iko wazi. Akafungua kaseti ya kwanza, akamsikia Mzee akisema Bi Nyange asalimiwe, aambiwe sindano za cherehani zimepatikana. Mama yake alikuwa na miaka sita kaburini. Chausiku akalia juu ya gauni la mteja. Hakuomba ruhusa. Akazinakili kwenye simu yake moja moja, akawa anashona nazo masikioni.

Ijumaa moja Bi Mwantumu akabonyeza, kimya. Kibwana akaitwa, akafungua diski. Kaseti hazimo. Mna filamu saba za ngumi. Mtu mwenye ule mraba, na hajulikani hadi leo, alitaka nafasi ya filamu zake, akafuta alichokikuta. Bi Mwantumu hakupiga kelele. Alisema amefiwa mara ya pili, akaingia ndani.

Kesho yake Chausiku akabisha hodi, simu mkononi, akakiri. Mkeka ukatandikwa, mlango ukafunguliwa, na Mzee akauliza kama mlango umefunguliwa. Wakasikiliza, wakacheka, wakalia, mpaka ya thelathini. Bi Mwantumu akaomba ya thelathini na moja.

"Hiyo sina, mama," Chausiku akasema. "Nilisikia anataka mlango ufungwe, nikaiacha."

Bi Mwantumu akainuka. Kisha akaenda chumbani, akarudi na redio ya Mzee, ile ya kaseti, akaipakata. Akasema kabla ya kufa Mzee aliagiza redio hii apewe atakayeitunza sauti yake, basi Kibwana, Sauda na Chausiku kila mmoja aseme lake.

Kibwana akasema, "Mama, bila mimi zingeoza kabatini. Na nilikataza neno la siri lisitoke. Kosa langu ni kutoweka nakala ya pili, nalikubali."

Sauda akasema, "Nilifungua mlango kwa idhini yako, kama baba alivyotaka. Mwizi aliingia kwa mkono wangu, na Chausiku pia aliingia kwa mkono wangu. Ningewafungia wote, diski ingekuwa salama leo, lakini siku ambayo ingekufa yenyewe, ingekufa na kila kitu."

Chausiku akasema, "Mimi niliiba, sina la kujitetea. Ila thelathini mnazozisikia ni zile nilizoziiba, na iliyopotea ni ile moja niliyoiheshimu."

Bi Mwantumu akaifuta redio vumbi kwa upindo wa kanga, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Aliyempa zile sauti, aliyewafungulia watu mlango, aliyeziiba. Na yale maneno ya mumewe ya mlango uliofungwa hatayasikia tena mpaka wakutane.

Sasa nyie mliokaa hapa msiniambie wote watatu, redio ni moja. Je, nani alistahili?