Bingwa Aliyenyamaza

Wapendwa, leo nitasema polepole, mnivumilie.

Palikuwa na bwana mmoja mcheza gofu. Klabu yao ilikuwa ya zamani, kule nyanda za juu, na uwanja wake ulikuwa kama bustani: nyasi fupi, kijito, na mierezi mikubwa iliyopandwa na watu ambao wote wamekwisha kufa. Ukutani yaliandikwa majina ya mabingwa wa miaka yote. La baba yake lilikuwepo. La kwake, bado.

Siku ya fainali bwana huyu alikuwa anaongoza. Likabaki shimo la mwisho, na watu wamejaa chini ya mierezi kutazama. Mkewe alikuwa miongoni mwao, amevaa kitenge alichokishonesha kwa ajili ya siku ile.

"Taratibu, ndugu yangu," mpinzani wake akamtania. "Kombe halina miguu."

"Wewe andaa makofi tu," akajibu.

Akapiga. Lo! Mpira ukapinda, ukaelekea moja kwa moja kwa watu.

Sasa sikilizeni. Wacheza gofu wana desturi. Mpira ukienda kwa watu, aliyeupiga hupaza sauti, "Foo!" nao huinama na kufunika vichwa. Hata bingwa huita. Lakini kuita ni kukiri mbele ya wote kwamba umepiga vibaya. Je, bwana yule aliita? Alinyamaza. Alisimama wima, kidevu juu, kama mtu aliyekusudia mpira uende kule.

"Foo! Foo! Inameni!"

Aliyeita alikuwa mpinzani wake.

Watu wakainama. Mpira ukapita juu ya mgongo wa mkewe, ukagonga mwerezi, ukarudi uwanjani mahali pazuri kabisa. Watu wakacheka, wakashangilia. Bwana yule akamaliza vizuri, akashinda.

Akamwendea mkewe, kombe mkononi. "Mama watoto, jina letu linapanda ukutani mara ya pili!"

Mkewe alikuwa bado anapangusa majani magotini. "Hongera, baba. Sauti yako naijua hata gizani. Lakini leo nimeokolewa na sauti ya mtu baki."

Mngekuwa ninyi, mngejibu nini?

Maana sisi nasi tuna majina ya kulinda. Tunarusha neno, tunaliona linaelekea kwa mtu, tunanyamaza, kidevu juu. Tunajiambia, labda litagonga mti. Nani alituahidi mti?

Marehemu mke wangu, mliyenisaidia kumzika, hakuwa hivyo. Aliwahi kumsema jirani vibaya kule kisimani. Hakufika hata nyumbani. Alikwenda na ndoo yake kichwani, akabisha hodi. "Mama Nekesa, nimekusema vibaya, na maneno yapo njiani. Nimeyatangulia nikuombe radhi." Mama Nekesa akamtua ndoo. Ninajivunia kuitwa mume wa mwanamke huyo, nami sioni haya kulisema hapa madhabahuni.

Basi, yupo kati yetu aliyerusha neno wiki hii, na mwenye kulengwa ameketi benchi la mbele yake, hana habari. Ndugu, usingoje nimalize mahubiri. Mguse bega.