Simu Kumi na Sita za Mzee Alo

Wahenga waliposema kwamba mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia uzazi peke yake. Walijua kuwa shida iliyofunikwa haiponi. Hukaa chini ya kifuniko ikichacha kama chakula cha jana, na siku kifuniko kikiinuliwa, harufu humpata hata asiyehusika. Anayetaka kulisadiki hilo na asikilize habari ya fundi mmoja wa simu na mkewe.

Fundi huyo alitumikia kituo cha simu miaka thelathini na sita, enzi za waya na nguzo. Watu walimwita Mzee Alo, kwa sababu hata ukimbishia hodi mlangoni alijibu kama anayepokea simu, "Alo." Alikuwa na sikio la ajabu. Ungempa kipokezi cha simu mbovu, angesikiliza mkwaruzo wake kidogo, kisha akakuambia hitilafu iko nguzo ya ngapi. "Laini haisemi uongo," alipenda kusema. "Binadamu ndiye anayesemea uongo ndani ya laini."

Mwaka wa pili wa kustaafu, aliteleza kwenye ngazi akipaka rangi dari, akaangukia mgongo. Mgongo ulipona. Kibofu ndicho kilichoharibika. Kilikuwa kama kengele yenye kasoro: kinaita bila mpigaji, na kikiita hakisubiri. Mzee Alo, aliyepanda nguzo ndefu huku radi zikipiga bila kutetemeka, sasa aliogopa neno moja dogo asiloweza kulitamka mbele ya mtu: mkojo.

Basi akaanza maisha ya kujificha. Alivijua vyoo vyote vya mtaa kama alivyozijua nguzo zake zamani. Alivaa suruali nyeusi tu. Kisha akahamishia godoro lake kwenye chumba kidogo kilichopakana na choo.

"Nakoroma, mke wangu," alieleza. "Sitaki kukusumbua."

"Umekoroma miaka thelathini na minne," mkewe alimjibu. "Leo ndiyo umejisikia?"

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi. Walikutana ujanani kwenye ukumbi wa dansi, na tangu hapo hawakuwahi kukosa dansi ya Jumamosi alasiri hata mara moja, isipokuwa wiki aliyozaliwa binti yao wa pekee. Sasa Jumamosi zilifika na Mzee Alo hakosi sababu. Mara goti, mara jua, mara redio inataka kutengenezwa. Jumamosi ya tano mke alikwenda peke yake. Alirudi kabla ya wimbo wa pili, akalitundika gauni lake msumarini, na hakusema neno. Mtu aliyemzoea angelijua hilo kuwa jambo zito, maana mama yule kunyamaza ilikuwa kama saa ya ukutani kusimama.

Siku moja Mzee Alo alikwenda hospitali kuchukua dawa ya kikohozi. Ukutani palikuwa na tangazo: *Unakwenda haja ndogo mara nyingi kupita kawaida? Tunafanya utafiti. Fika chumba namba saba.* Alilisoma kwa jicho la pembeni, uso ameuelekeza kwenye tangazo jirani lililohusu meno ya watoto. Akapita. Akarudi. Akapita tena. Mara ya nne mlango namba saba ukafunguka, akachungulia daktari mwanamke, kijana wa umri wa binti yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Meno ya watoto ni chumba cha tisa."

"Marahaba." Akalitazama tangazo, akamtazama daktari. "Mimi si wa meno."

"Najua. Wa meno hawapiti mara nne. Karibu."

Ndani palikuwa na kitanda, mashine ndogo yenye waya mbili, na picha kubwa ya mwili wa binadamu ikionyesha mishipa ya fahamu kama mizizi ya njano. Daktari alimwonyesha kwa kalamu. Kibofu kikijaa, alieleza, hutuma habari kwenye uti wa mgongo, nayo hupanda hadi ubongoni. Ubongo ukiona pahali si pake, hurudisha jibu: subiri. Yeye na wenzake walikuwa wakichunguza njia hizo, kujua jibu la "subiri" hupotelea wapi, na kama laweza kurudishwa.

Mzee Alo alisogea karibu na picha, aibu ikamtoka bila kuaga. "Kwa hiyo kwenda habari inakwenda. Laini ya kurudi ndiyo mbovu."

"Mzee, umenifupishia mhadhara wa saa nzima."

"Na utaitengenezea wapi?"

"Hapa." Daktari aligusa kifundo cha mguu.

Mzee alimtazama kama anayedhihakiwa. "Mwanangu, mimi shida yangu iko juu ya hapo."

"Mshipa unaopita hapa hukutana na ile ya kibofu kule chini ya mgongo. Tunaweka sindano nyembamba, tunapitisha umeme mdogo, nusu saa kila wiki, kwa wiki kumi na mbili. Siahidi muujiza. Wengine husaidika, wengine la. Ndiyo maana ya utafiti."

"Simu ya nyumba ikigoma, unakwenda kugonga sanduku la laini kwenye kona," alisema mzee, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimeifanya kazi hiyo mara elfu."

Daktari akampa daftari la kuandika kila haja ndogo ya wiki ile: saa, kiasi, na kama aliwahi au hakuwahi. "Andika wazi tu," alimsihi. "Kuna bibi mmoja nilimwambia aandike haja zake ndogo, akaniletea: uzi mweusi, kiberiti, na mjukuu anipigie. Je, mama nyumbani anajua?"

"Anajua nakoroma."

Hapo ndipo Mzee Alo alipokosea. Hofu ya daftari kuonekana ilimfanya aandike kwa lugha ya kazi yake. Haja ikawa simu. Kidogo ikawa simu fupi, nyingi ikawa simu ndefu. Alilificha chini ya godoro, akaona ameula.

Siku ya sita, alipotoka kuoga, alimkuta mkewe amekaa juu ya lile godoro. Miguuni pake palikuwa na sanduku la safari, na mkononi alikuwa na daftari.

"Kesho nakwenda kwa binti yetu, na sitarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja kutandika kitanda chako mara ya mwisho. Sasa nisomee wewe, au nisome mimi?"

Mzee alikauka kama nguzo. Mke akasoma. "Saa tatu na dakika kumi, simu fupi. Saa nne kasoro robo, simu ndefu, imeniridhisha." Akageuza ukurasa. "Saa tano, simu imekatika njiani, nimebadilisha suruali." Akainua macho. "Simu gani hiyo, baba, inayobadilishiwa suruali? Simu kumi na sita kwa siku moja. Hata uliponichumbia, na kituo kizima kikiwa mikononi mwako, hukunipigia hivyo."

"Mke wangu, si hivyo."

"Ni nani?"

Mzee alifungua kinywa aseme, na wakati huohuo kibofu nacho kikataka kusema. Akaushika mlango. Maneno pekee yaliyomtoka yalikuwa yale aliyoyazoea wiki nzima: "Subiri, simu inaita." Akakimbia.

Mke hakusubiri. Alimfuata hadi mlango wa choo, daftari juu kama hakimu na hati yake. Humo ndani akasikia simu yenyewe. Ilikuwa fupi.

Akagonga mlango kwa kidole kimoja.

"Alo," alisema mke, taratibu.

"Ndiyo," alijibu mzee kutoka ndani, sauti yake ndogo. Na kwa kuwa mlango ulikuwa katikati yao, na uso wake hauonekani, akayasema yote: ngazi, kibofu, suruali nyeusi, chumba namba saba. Alipomaliza akasikia kilio, akahuzunika. Kisha akagundua si kilio. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni akicheka hadi machozi.

"Miezi yote hii nalala najiuliza nimekukosea nini," alisema akijifuta. "Nilidhani umenichoka. Ungekuwa na aibu hii ujanani, yule binti angezaliwa na nani? Acha kunichekesha, mimi mwenyewe nikicheka sana..." Akaziba mdomo.

"Ukicheka sana nini?"

"Tangu nilipojifungua. Nikicheka, nikipiga chafya. Unadhani kwa nini nyimbo za haraka nilikuwa nakuambia tukae?"

Mlango ukafunguka. Wakatazamana, wazee wawili waliolala kitanda kimoja zaidi ya miaka thelathini, na kumbe kila mmoja alikuwa na siri ileile aliyomficha mwenzake.

Sanduku lilirudishwa juu ya kabati kesho yake asubuhi, na wote wawili wakaenda chumba namba saba. Mke alifundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga, akayafanya akiwa cherehanini bila mtu kujua. Mzee alinyoosha mguu kila wiki, akaisikiliza ile sindano ikimtekenya hadi kwenye vidole, akidai anasikia laini ikisafishwa. Daftari sasa waliliandika pamoja, kwa maneno yaliyo wazi, na mke alipoona mwandiko unayumba alisahihisha. Simu kumi na sita zikawa kumi na mbili. Wiki ya tisa zikawa nane. Daktari alisema katika utafiti wake wote hakupata daftari lililoandikwa vizuri kama lile, na kwamba lilimfundisha jambo ambalo mashine haikumwonyesha.

Jumamosi ya wiki ya kumi na mbili, gauni lilishushwa msumarini. Mzee alivaa suruali nyeupe. Walicheza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwa wa haraka, na hakuna aliyeomba kukaa.

"Simu vipi?" mke alimnong'oneza.

"Imeita," alisema Mzee Alo, akamzungusha. "Nimeiambia isubiri."

Akacheka mke, akacheka sana, wala hakuna kilichoharibika.

Walicheza Jumamosi nyingi baada ya hiyo. Leo ukumbi ule una wachezaji wengine, na daftari liko kwa binti yao, kwenye droo ya juu, limefunguka ukurasa wa simu kumi na sita. Yeyote akilisoma hucheka kwanza, ndipo anyamaze. Ndoa ya wazee wale ilizaliwa upya siku mlango wa choo ulipofunguka. Ungebaki umefungwa, isingezaliwa kamwe, kwani mficha uchi hazai.